Cha Kumi Hadi cha Kumi na Tatu

Mwalimu Mjapani aliyetufundisha fizikia
aliondoka Newala na begi moja mgongoni,
akaacha boksi la sabuni chini ya meza ya maabara:
vitabu vya katuni, cha kwanza mpaka cha tisa,
halafu cha kumi na nne.

Tarakimu tu ndizo tulizoweza kuzisoma.
Mengine yote yalikuwa vijiti na vibanda,
maandishi yaliyosimama wima kama mvua.

Lakini yule mtoto tulimjua.
Tulikuwa tukimwendesha kila Jumamosi
kwenye kibanda cha Mfaume, nyuma ya soko,
shilingi mia, dakika kumi,
kitufe cha kurukia kimelika
mpaka laini kama korosho iliyomenywa.
Gemu ilitangulia, vitabu vikaifuata;
jina lake hatukulipata kokote.
Tulimwita Chipukizi.

Kwenye gemu alikufa kama inzi.
Alitumbukia genge lilelile
(na sisi genge tunalijua,
tumekua ukingoni mwa Shimo la Mungu),
akaungua, akamezwa,
akarudi anapepesa kama taa mbovu.
Yeye alikuwa na roho tatu,
Mfaume alikuwa na chenji.

Umeme ulipokatika ndipo tulipofungua boksi.

Kosmas alianzia kushoto,
akajua mwisho wa kila kitabu kabla ya mwanzo wake.
Sisi wa chuoni kwa Maalim Liumbo tukamcheka:
"Kigeuze, bwana! Kinafunguliwa kama juzuu."
Mara ya kwanza bakora za Maalim
kunifaa hapa hapa duniani.

Kitabuni Chipukizi hakuwa na roho tatu.
Akianguka, ukurasa mzima unabaki mweupe
na rafiki zake wanakaa chini, midomo imefungwa.
Tulinyamaza nao. Hata Mfaume,
aliyekuwa akiuza vifo kwa dakika.

Cha tisa kinaisha yuko mlangoni mwa ngome,
mikono miwili.
Cha kumi na nne kinaanza theluji inaanguka,
na mkono wa kushoto wa koti lake
unaning'inia, mtupu.

Nani kamkata?
Kosmas alisema joka.
Somoe akasema si joka, ni deni,
aliuweka rehani akashindwa kuukomboa.
Mfaume akaapa ni mashine ya kukoboa,
yeye mjomba wake ilimfanya hivyohivyo.
Mimi nikachukua penseli,
nikaiba daftari la Chama cha Msingi
ambamo baba aliandika kilo za korosho za watu,
nikavichora vyote vinne vilivyopotea
katikati ya majina na uzito.
Ukurasa wa mzee Nankoma, magunia saba, daraja la kwanza,
ndipo mkono ulipokatika.
Damu niliikoleza sana.

Nilipigwa.
Mzee Nankoma alilipwa magunia sita.

Miaka kumi na tisa.
Kibandani sasa wanapiga picha za pasipoti.
Mfaume alivuka Ruvuma,
yuko Pemba ya Msumbiji, anauza sijui nini.
Huko kwao vitabu vimefika sabini na vitatu;
mchoraji, nasikia, kaota mvi kichwa kizima,
na mtoto wake bado ana miaka kumi na miwili,
hajaongeza hata unywele mmoja wa kidevu.

Juzi, Julai, baridi ya Newala inang'ata,
mwanafunzi wangu mmoja akanionyesha simuni
kile cha kumi na nne, kimetafsiriwa.
Ukurasa wa pili. Kiputo kidogo pembeni,
ambacho sisi tulikubaliana ni kilio:
"Baridi gani hii! Mkono nimeuficha tumboni."

Ndani ya koti.
Muda wote ule, ndani ya koti.

Nilicheka mpaka darasa likageuka.
Kisha nikatazama dirishani: wa kidato cha kwanza
wamepanga mstari kwenye ukungu,
kila mmoja kavuta mkono ndani ya sweta,
mikono mitupu ya sweta inapepea
kama ilivyopepea yetu
siku ileile tuliyomlilia.

Nimemwandikia Mfaume: *Mkono upo.*
Tiki moja tu mpaka sasa.

Daftari ninalo bado.
Mle mkono haupo,
na gunia la mzee Nankoma pia.